Mtoto wa miaka 13: hadithi za sungura kazimaliza, riwaya za kidato cha sita bado. Asome nini hapo katikati?

#1 Mama Nasra (Jang'ombe)
Assalaam alaykum wanajamvi. Nna binti wa miaka 13, yuko kidato cha kwanza, msomaji hasa, hata boksi la majani ya chai halimpiti. Vitabu vya sungura na fisi kavimaliza zamani. Wiki iliyopita kafungua kabati akatoa Vuta N'kuvute yangu, ile niliyosomea kidato cha sita. Kaenda nayo kurasa ishirini, kairudisha palepale alipoitoa. Nilipomuuliza akanambia: "Mama, vile vimenipita, na hiki bado hakijanifikia." Siku ya nne leo neno hilo linanizunguka kichwani.

Dai langu ni hili. Visiwa vyetu vya Unguja na Pemba vimejaaliwa riwaya nzito, lakini kitabu cha mtoto wa miaka 13 hatuna. Nipingeni kwa majina ya vitabu. Na mniambie: kile kitabu kilichokushikeni mpaka mkaitwa kula msisikie, mlikuwa na umri gani, na kilikufikieni vipi mkononi?

#2 Kijana wa Michenzani
Waalaykum salaam dada. Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya, basi, wala usitafute pengine. Mzimu wa Watu wa Kale nilikisoma nna miaka 12, nilikichukua kwa mjomba bila ya ruhusa na nikakirejesha bila ya kujulikana. Kitabu cha 1968 kile na mpaka leo hakijazeeka.

#3 Maalim Mstaafu
Kijana, kitabu umekitaja sawa, mwaka umeuchanganya. 1968 ni Kisima cha Giningi. Mzimu ndio uliopata zawadi ya kwanza katika shindano la East African Literature Bureau la 1957 hadi 1958, ukachapishwa 1960. Mwandishi wake, marehemu Muhammed Said Abdulla, alizaliwa 1918, akafanya kazi Idara ya Afya, kisha akaingia kwenye magazeti. Kwa hiyo alipoanza kuandika riwaya alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuijua miji na watu wake.

Na kwa nini mtoto wa miaka 13 anamuweza? Kwa sababu ya Najum, yule sahibu wa Bwana Msa. Najum hajui zaidi ya unachokijua wewe msomaji. Bwana Msa kakaa na kiko chake, kimya, na Najum anahangaika kama unavyohangaika wewe. Nimesomesha miaka 31 na sijaona mtoto aliyechoka hapo.

#4 Kijana wa Michenzani
Ahsante Maalim, nimesahihishika.

#5 Shamba Konde
Mada hii imenitoa mbali. Mimi nilikuwa na miaka 14, msimu wa karafuu, shambani kwa babu upande wa Konde, Pemba. Kwenye kibanda cha kambi, juu kwenye makuti, kulichomekwa kitabu. Jalada hakina, kurasa za mwanzo zimeingia rangi ya kahawia, kinanuka karafuu mpaka kwenye mshono. Nimefungua nakuta kuna maiti mzimuni. Hapo nilisahau hata kwamba nimetumwa maji.

Usiku, walochuma karafuu inabidi uzichambue, utoe makonyo, kesho zende jamvini. Kazi ya kukaa, mikono ndo inayofanya. Bibi akaniona na kitabu kwenye kandili akanambia, "Kama husaidii kuchambua basi tusomee na sisi." Nikawasomea. Watu tisa wamezunguka rundo la karafuu, mikono inakwenda, hakuna anayezungumza. Nikikosea neno shangazi ananirudisha. Pakifika pahala pa kutisha makonyo yanasita kuanguka.

Usiku wa nne nikafika pale ambapo Bwana Msa anawakusanya watu aseme nani muuaji. Nikageuza karatasi. Hakuna. Kurasa za mwisho zimeng'oka, ilobaki ni nyuzi tu.

Wallahi kambi nzima ilipiga kelele. Tokea hapo mpaka msimu ulipokwisha ilikuwa ni kesi. Babu kamshika mtu wake, shangazi wake, mjomba anasema muuaji hajatajwa bado. Bibi yangu alimtaja mshukiwa wake usiku ule ule, akaeleza kwa nini, akatoa na ushahidi wa mambo ambayo mimi niliyesoma sikuyaona. Bibi hakujua kusoma. Alifariki miaka minne baadae, kabla hatujapata kurasa zile. Mimi nilikuja kuipata nakala kamili nna miaka 27, huku Unguja, nikaisoma nimesimama wima dukani.

#6 Bint Mkunazini
Shamba Konde, na bibi alipatia?

#7 Shamba Konde
Sisemi hapa. Kuna ambao hawajasoma.

#8 Bint Mkunazini
Haya, umetuweka. Ila mimi naleta upande mwengine. Shoga yangu Mama Nasra, hawa kaka zetu kila wakiulizwa kitabu watakutajia maiti na upelelezi. Mimi nilikuwa na umri wa binti yako hasa, miaka 13 na miezi, kilichonishika ni Nyota ya Rehema ya Said Ahmed. Nilikikuta chini ya godoro kwa mama mdogo nilipokwenda kulala kwake mwezi wa Ramadhani. Rehema anatiliwa shaka na baba yake mzazi kwa ajili ya rangi yake. Mimi ni mweusi kuliko ndugu zangu wote wanne na hakuna aliyewahi kulizungumza hilo nyumbani, lakini kila mgeni alikuwa akiniangalia mara mbili. Nilisoma sura zile nimejifungia chooni. Sikuwa natafuta siri ya muuaji mie, nilikuwa natafuta mtu aliyewahi kuangaliwa kama mimi.

Kwa hiyo kwa maoni yangu umri si hoja. Mtoto anashikwa na kitabu kinachojua jambo lake ambalo hajamwambia mtu.

#9 Maalim Mstaafu
Binti, maneno yako yamenigusa, na nasahihisha kwa heshima. Nyota ya Rehema ni ya Mohamed Suleiman Mohamed, 1976. Huyo ndiye mwenye Kiu ya 1972. Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa 1947, ni mwengine, mwenye Utengano na Asali Chungu. Na Muhammed Said Abdulla wa Bwana Msa ndiye mkubwa wao wote. Wanafunzi wangu wakiwachanganya kila mwaka, Muhammed, Mohamed, na Mohamed baba wa Ahmed. Nikiwaambia: mmoja ana kiko, mmoja ana kiu, mmoja ana utengano.

#10 Bint Mkunazini
Maalim! Hii ya kiko, kiu na utengano nakwenda nayo mpaka kaburini. Shukran.

#11 Msomaji wa Usiku
Nyote mnazunguka. Tatizo halisi ni mtihani. Vuta N'kuvute mimi niliijua kwa maswali kabla ya kuijua kwa hadithi: eleza sifa za Denge, jadili nafasi ya mwanamke kwa kumtumia Yasmin na Mwajuma, taja tamathali sita. Nilipata alama nzuri na sikuisoma. Nasema kweli, nilisoma daftari la maelezo tu. Halafu filamu ilipotoka 2021, ile ya Amil Shivji, nikaenda kuiona, nikarudi nyumbani nikakitafuta kitabu, na kwa mara ya kwanza nna miaka 30 na kitu nikamuona Yasmin kama mtu: msichana aliyeozwa kwa mzee, anaondoka. Nilikaa nacho mpaka adhana ya alfajiri.

Kenya nao Utengano umepita kwenye mikono ya watahiniwa miaka na miaka. Kitabu kikishaitwa "kiteule" mtoto anakichukia kabla hajakifungua.

#12 Bint Mkunazini
Lakini bila ya mtihani ungekuwa nacho nyumbani? Mama Nasra anayo kabatini kwa sababu ya mtihani huo huo.

#13 Msomaji wa Usiku
Hapo umenibana. Sina jawabu.

#14 Mpemba wa Kojani
Waungwana, mnaanzia katikati ya safari. Kabla ya macho kuna sikio. Sisi usiku ilikuwa Paukwa! Pakawa! Kaondokea Chanjagaa, kajenga nyumba kakaa... Na hadithi za bibi hazikuwa za watoto wadogo peke yao. Chukueni ya Sultani Darai. Masikini anapekua jaani, anaokota thumni, ananunua paa. Paa yule anamtajirisha, anamuozesha binti wa sultani, anampatia nyumba. Siku paa anaumwa, bwana wake anaamrisha apikiwe uji wa kumtupia tu. Paa anakufa kwa uchungu wa kutotambuliwa. Asubuhi bwana anazinduka yuko jaani, anapekua vumbi.

Hiyo ndiyo hadithi ya mtoto wa miaka 13! Mtoto wa miaka sita anacheka paa akisema. Wa 13 analia paa akifa. Pengo analolisema Mama Nasra limekuja tulipoacha kuhadithia watoto wakishafika miaka saba, tukidhani wamekuwa wakubwa.

#15 Kijana wa Michenzani
Mzee wangu hiyo si ipo kitabuni? Padri mmoja kaiandika.

#16 Mpemba wa Kojani
Ndiyo, Edward Steere, kitabu kimetoka London 1870, hadithi za watu wa Unguja. Mna Sultani Darai, mna Goso mwalimu aliyeangukiwa na buyu, mna Sultani Majinuni na yule paka aliyegeuka nunda mla watu. Lakini Steere kaandika alichosikia. Wenyewe ni bibi na babu zetu, na kwao hazikuwa na umri maalumu.

#17 Fundi Simu Darajani
Salamu. Mimi nakaa na vijana kutwa, wanakuja kutengeneza vioo vya simu. Nawaambieni watoto wanasoma sana, ila hamuwaoni. Wanasoma hadithi za vipande kwenye simu. "Sehemu ya 14 kesho saa mbili usiku." Msichana mmoja kaniletea simu imezama baharini, analia, si kwa ajili ya picha, anataka hadithi yake alofika sehemu ya 22. Nilimkausha ile simu siku mbili kwenye mchele ikawaka. Alipoiona inawaka hakumpigia mtu, alikaa palepale kwenye benchi langu akasoma.

Kwa hiyo pengo halipo. Limezibwa na watu msiowajua majina.

#18 Maalim Mstaafu
Fundi, nakusikiliza, na kisa chako ni kizuri. Nilizozisoma mimi nyingi hazina mhariri, mtu anakufa sehemu ya 6 anaibuka sehemu ya 11. Mtoto anastahili maandishi yaliyosafishwa.

#19 Fundi Simu Darajani
Maalim, na Shamba Konde kitabu chake hakikuwa na mwisho kabisa na kilimshika miaka 13. Nakuheshimu mwalimu wangu lakini hapo naona mtoto anafuata kamba, hata ikiwa na mafundo.

#20 Shamba Konde
😂 Fundi umenitumia mimi kama ushahidi. Sina pingamizi.

#21 Mkaazi wa Wete
Mimi nataka niseme la kufuli. Skuli niliyosoma, siitaji jina, kulikuwa na kabati la vitabu la vioo. Ndani vimepangwa vizuri, unaona migongo yake: Kuli, Kasri ya Mwinyi Fuad, Alfu Lela Ulela. Miaka minne sikuwahi kuona kabati lile limefunguliwa. Funguo zilikuwa na mtu aliyehamishwa. Nikipita nasoma migongo tu. Mpaka leo nikilishika lile jalada la Kuli naona kioo mbele yake.

Mkisema lugha, mtihani, sikio, mimi nasema kufuli.

#22 Mama Nasra
Hii imeniumiza ndugu yangu. Ulikuja kukisoma?

#23 Mkaazi wa Wete
Nilikisoma nna miaka 19, nafanya kibarua bandarini Mkoani. Kilinifaa pale pale nilipo. Ila watu hupenda kusema ule mgomo wa makuli uliomo kitabuni kaubuni mwandishi wake, Shafi Adam Shafi.

#24 Maalim Mstaafu
Hakubuni. Mgomo wa 1948 ulikuwepo, ulianzia kwa wafanyakazi wa bandarini na ukaenea mjini. Yeye alizaliwa 1940, alikuwa mtoto mdogo. Kitabu kilitoka 1979. Rashidi, shujaa wa kitabu, ndiye wa kubuniwa, mgomo ni wa kweli.

#25 Bint Mkunazini
Jamani na Peponi hakuna aliyeitaja? Abdulrazak Gurnah ni wa kwetu, kazaliwa hapa 1948, kapata Nobel 2021. Na Yusuf, shujaa wake, anaondoka kwao yuko katika mwaka wake wa 12! Karibu na umri wa Nasra.

#26 Kijana wa Michenzani
Ile kaandika kwa Kiswahili au?

#27 Bint Mkunazini
Kaandika kwa Kiingereza, 1994, ikaingia fainali ya Booker. Kiswahili chake katafsiri Ida Hadjivayanis, kikatoka 2022. Huyo huyo ndiye katutafsiria na Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, 2015. Nami niliisoma Peponi kwa Kiswahili baada ya kuijua kwa Kiingereza, na pale Yusuf anapomwita yule tajiri "Ami", nilihisi kitabu kimerudi nyumbani kikavua viatu.

#28 Maalim Mstaafu
Kitabu kikubwa, sina ubishi. Lakini umri wa shujaa si umri wa msomaji. Yusuf anawekwa rehani kwa deni la baba yake na anayoyaona njiani ni mazito. Mimi ningesubiri miaka 16. Hapo hapo ndipo ningempa na Babu Alipofufuka ya Said Ahmed, 2001, maiti anarudi kumsomesha mjukuu wake mkubwa aliyeshiba.

#29 Bint Mkunazini
Mimi ningempa 14, nikakaa naye. Tutofautiane Maalim.

#30 Msomaji wa Usiku
Tukirudi kwa Bwana Msa. Nimempa mdogo wangu wa miaka 15, kakwama. Si hadithi, maneno. Kile Kiunguja cha wazee, methali ndani ya methali, mtoto wa sasa anasimama kila mstari. Nikamuwekea pembeni Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar. Kalifungua mara tatu akachoka. Kwa hiyo msimpe Nasra tu mkaondoka.

#31 Mpemba wa Kojani
Si nilisema. Asomewe. Maneno yale yaliandikwa na mtu mwenye sikio. Shamba Konde kambini walielewa wote, pamoja na ambao hawakusoma, kwa sababu yalipita masikioni.

#32 Kijana wa Michenzani
Naomba kuuliza nje ya mada kidogo. Giningi iko wapi hasa? Bibi yangu akisema ni mji wa wachawi, hauonekani, na uko Pemba.

#33 Mkaazi wa Wete
Bibi yangu wa Wete akisema uko Unguja.

#34 Mpemba wa Kojani
Na wa kwangu akisema ukiuliza sana utapelekwa. Turudini kwenye vitabu 😄

#35 Mama Nasra
Nimewasoma nyote, nimemsomea na Nasra. La nunda alilikumbuka, kumbe marehemu mama alikuwa akimhadithia. La kufuli kaliuliza mara mbili: "Kwa nini hawakuvunja kioo?" Dai langu bado sijaliacha, maana mmenitajia vitabu ambavyo kila kimoja kina mtu anayesema bado. Lakini Shamba Konde, kaka yangu, kwako wewe kakwama. Anataka kile kitabu chako. Nimemwambia tutanunua kipya. Hataki kipya.

#36 Shamba Konde
Dada, kipo. Kiko kwetu Konde, kimefungwa kwenye kanga ya bibi. Nilishawaambia watu nyumbani nisiwaone wanakitoa. Nipe siku mbili nifikiri.

#37 Fundi Simu Darajani
Usimpe mtoto kitabu kisicho na mwisho bwana, utamtesa.

#38 Bint Mkunazini
Mpe! Wewe Fundi si ndo umesema mtoto anafuata kamba?

#39 Fundi Simu Darajani
Kamba yenye mafundo, si iliyokatika.

#40 Shamba Konde
Kitabu kimepanda boti ya asubuhi kutoka Wete, kipo kwa mpwa wangu ndani ya bahasha ya khaki. Mama Nasra, akafuatwe Malindi. Kurasa za mwisho nimezitoa kopi kutoka kwenye nakala yangu, zimo kwenye bahasha nyengine ndogo, nimeifunga kwa gundi. Aifungue akitaka mwenyewe.

#41 Mama Nasra
Kimefika. Kakinusa kabla ya kukifungua. Tunasoma usiku baada ya isha, yeye anasoma, mie na baba yake tunasikiliza, na akikwama kwenye neno baba yake wa Makunduchi analijua. Kweli kinanuka karafuu mpaka leo.

#42 Mama Nasra
Usiku wa sita. Tumefika kwenye nyuzi. Baba yake kamshika mtu wake, mie wangu, tumegombana mpaka chai imepoa. Bahasha ndogo iko mezani, haijafunguliwa. Nasra anasema asiifungue mtu. Anamuuliza Ami Shamba Konde kwanza: bibi alimshuku nani, na ule ushahidi wake ulikuwa upi?

#43 Shamba Konde
Mwambie nitampigia kesho baada ya laasiri. Na awe na kitabu mkononi, nitamtajia kurasa.